Amana ya Mjukuu

Kiwira, Rungwe
5 Februari 1956

Kwa Baba,

Kamwene. Najua mwandiko huu umeutambua kabla hujafungua bahasha, na sijui kama unausoma umeketi au umesimama. Vyovyote vile, shikamoo. Nisalimie mama, kaka Liberatus na mkewe, na majirani wote wa pale nyumba za misheni. Sisi huku kwa jumla tu wazima. Mvua haikatiki, migomba imenenepa, na mimi nimeuzoea ukungu kiasi kwamba jua likitoka naona haya.

Baba, siku naondoka na Asukile ulisema mbele ya watu: "Nenda na huyo fundi mwashi wako na kanisa lake, ila usije ukanililia." Sikukulilia. Miaka mitatu hii sijakuomba hata chumvi. Leo naomba jambo moja, na nimeapa kuliomba mara moja tu. Ukikataa sitarudia.

Nina mtoto. Anaitwa Ikupa, ni wa kike, mwezi uliopita alitimiza mwaka. Alizaliwa mnene, hasumbui, analala tu, wakunga wakasema nimebarikiwa mtoto mpole. Nami nikajivuna, Mungu anisamehe. Sasa watoto waliozaliwa naye wanashika ukuta wanatembea, na Ikupa hata kukaa hajakaa. Ulimi wake ni mnene, hautulii mdomoni. Ngozi ni kavu na ya baridi hata nimpake samli. Kitovu kimetokeza. Akilia, sauti inatoka nzito kama ya mzee mwenye mafua. Na haongezeki, Baba. Nguo alizovaa akiwa na miezi sita bado zinamtosha.

Wewe unampikia Daktari wa misheni kila siku. Siku moja ukishamwekea chai, mwulize mtoto wa namna hii ana nini. Hapa sitaki mtu ajue. Asukile alikwenda migodi ya shaba huko Rhodesia baada ya Krismasi, na wanawake wa hapa wameanza kunong'ona kwamba ugonjwa nimeutoa Uhehe. Nikiuliza kwa sauti, watampeleka kwa mganga.

Ni mimi mwanao,
Paskalina


Iringa
26 Februari 1956

Mwanangu Paskalina,

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa.

Salamu zako zimefika na zimegawanywa kwa wote. Mama yako alilia mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa. Mimi sikulia, nilikuwa nakata vitunguu vya Daktari, na vitunguu vya mwaka huu ni vikali. Afya yangu ni nzuri, goti tu ndilo linalonikumbusha miaka.

Maneno ya siku ile yaache yalipo. Nilikuwa nimekunywa ulanzi, na hata nisingekunywa ningeyasema. Lakini mtoto hana kosa.

Nilimwekea Daktari chai, nikamsomea barua yako yote. Chai ikapoa hakuigusa. Ameuliza mambo haya: wewe una rovu shingoni? Mnakula chumvi gani huko milimani? Mtoto anapata choo vizuri? Tena anataka urefu wake. Chukua uzi, mlaze Ikupa, mnyooshe miguu, pima kutoka utosini mpaka kisiginoni, kata, utie kwenye bahasha. Anasema uzi hauna aibu ya kusema ukweli.

Sasa nikuulize langu. Huyo mkweo, Mzee Eliezeri, anakutunza mume akiwa mbali? Nasikia kwa Wanyakyusa mke hamtazami baba mkwe, hata kivuli chake anakikimbia. Sisi Wahehe tunamheshimu mkwe lakini tunamwona! Unajuaje kwamba una mkwe na si gogo lililovalishwa kanzu?

Jibu upesi, Daktari anakwenda likizo kwao Ulaya.

Baba yako mzazi,
Joachim Kalinga


Kiwira
18 Machi 1956

Baba mpendwa,

Kamwene sana. Barua yako nimepewa na Mwalimu Saulo, ambaye ndiye hupokea barua zetu pale shuleni. Niliisoma nikicheka na kulia pamoja, kama mvua inayonyesha jua likiwaka. Pole na goti. Mwambie mama asilie tena.

Uzi ni huu. Nilipima mara tatu kwa kuwa sikuuamini. Rovu ninalo, si kubwa, lilianza nilipokuwa mjamzito. Wanawake wengi hapa wanalo na wanavaa shanga juu yake kama pambo. Chumvi tunayokula ni ile ya kununua kwa wachuuzi, na ikiisha, ya majivu ya majani. Choo anapata kwa taabu sana.

Mkwe wangu si gogo, Baba. Ni mtu mwema kuliko wengi ninaowaona usoni. Desturi yao wanaiita ukutila: nisikutane naye, nisitamke jina lake, nisipite alipopita kabla hajafika mbali, nisipokee kitu mkononi mwake; anayeivunja, wanasema, huwa tasa. Mara ya kwanza nilipokuja nilimpita njiani nikamwamkia kwa sauti kama tufanyavyo nyumbani, na kijiji kizima kikanicheka mwezi mzima. Basi maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sasa naifuata desturi kuliko wenyewe waliozaliwa nayo, asije mtu akasema binti ya Kalinga hana adabu.

Yeye ni mzee wa kanisa na mkewe amekwisha fariki. Chakula chake napika mimi, wifi yangu Tusekile anampelekea. Akitaka kupita karibu na mlango wangu anakohoa mara mbili kwa nguvu, "khu, khu," ili nipate muda wa kujificha. Ndivyo tunavyosalimiana. Asubuhi nikifungua mlango nakuta mkungu wa ndizi au kibuyu cha maziwa, nami nasema "ndaga," asante yao, kwa ukuta. Kikohozi chake nakijua kuliko sura yake. Nadhani hata Ikupa anakijua, maana akikisikia hufumbua macho.

Sijamwambia habari za mtoto. Nitamwambiaje mtu nisiyesema naye?

Mwanao anayekungoja,
Paskalina


Iringa
10 Aprili 1956

Mwanangu,

Habari za huko? Sisi hatujambo, upepo wa Iringa umeanza kuuma.

Daktari ameupima uzi. Liberatus naye ana binti, Benedicta, aliyezaliwa mwezi ule ule na Ikupa, nikampima vile vile nikazitundika nyuzi zote mbili kwenye msumari wa jikoni. Uzi wa Benedicta unauzidi wa Ikupa kwa kiganja kizima. Sikuandikii kukuumiza. Nataka ujue ninachokitazama ninapokoroga uji wa watu.

Alichosema Daktari nakiandika kama nilivyokielewa. Shingoni kuna tezi. Tezi hiyo inatengeneza kitu, Daktari anakiita homoni, kinachopita kwenye damu na kuuambia mwili: kua, pata joto, amka. Ya Ikupa ni dhaifu, haisemi. Si laana, wala si Uhehe wala Unyakyusa, huenda ni udongo wa milimani na chumvi isiyo na dawa ndani yake. Na sasa wataalamu wa huko kwao wameijua vizuri kuliko zamani, na kuna vidonge. Vinatengenezwa kwa tezi za kondoo. Kwa hiyo mjukuu wangu atakuwa anakula kondoo kila siku kuliko Bwana Mkubwa wa wilaya.

Hapa hospitali vidonge vimekwisha, atakuja navyo mwenyewe akirudi Novemba. Nikamwambia, Bwana, mtoto atangoja? Akaniambia neno ambalo sijalala vizuri tangu nilisikie: "Joachim, mifupa husubiri. Kichwa hakisubiri sana." Anasema ubongo hujengwa miaka ile ya mwanzo, na tofali lililorukwa halirudishwi. Lakini Novemba bado hajatimiza miaka miwili. Bado kuna nafasi, amesema.

Basi subiri kwa moyo. Nitavituma kwa mtu wa kuaminika.

Baba yako,
J. Kalinga


Iringa
20 Novemba 1956

Mwanangu mpendwa Paskalina,

Kamwene, kamwene! Daktari amerudi, na vidonge hivi hapa ndani ya mzigo huu pamoja na barua. Mpe nusu kidonge kila asubuhi, kisage, changanya na maziwa. Akianza kutoka jasho na kuharisha, punguza. Usikose hata siku moja. Vikikaribia kuisha niandikie, vipo vingine.

Sikutaka kuvipitisha posta wala kwa Mwalimu, vitu huibwa. Nimempa Marcelino, dereva wa lori la viazi, na nimemwagiza auweke mzigo mikononi mwa Mzee Eliezeri mwenyewe.

Nikuambie kwa nini. Miaka yote hii sijamtumia mzee yule hata salamu, na yeye ndiye anayekulinda. Nimeona aibu. Nikasema, mzigo huu uwe pia mkono wangu kwake. Nimemwandikia barua ya heshima, nikamwita mzazi mwenzangu. Habari za ugonjwa sikuzitaja, kwa kuwa wewe hukutaka wajue. Nimesema tu kwamba hii ni amana ya mjukuu wetu, naye akukabidhi kwa mkono wake mwenyewe, isipite kwa mtu mwingine yeyote. Nadhani atafurahi kwa kuaminiwa namna hii.

Ukimwona Ikupa anachangamka, niandikie siku hiyo hiyo, nimalize kiburi changu kwa mara moja.

Baba yako anayekupenda,
Joachim Kalinga


Iringa
Jumapili ya Pasaka, 1957

Paskalina,

Pasaka njema. Sisi tu wazima. Mama yako anakusalimu. Natumaini mtoto hajambo.

Sina zaidi.

J. Kalinga


Kiwira
12 Mei 1957

Baba,

Salamu za Pasaka zimefika, ahsante. Sisi tu wazima. Mtoto yuko vile vile. Asukile ameandika kwamba mkataba wake utakwisha kabla ya mwaka kuisha.

Nisalimie mama.

Paskalina


Kiwira
6 Oktoba 1957

Baba,

Nashindwa kuandika salamu. Nisamehe, nitaziandika mwishoni kama nikifika.

Barua yako ya Novemba nimeisoma jana. Ya Novemba ya mwaka jana, Baba. Vidonge nimevipata jana.

Asukile alirudi juzi. Jana asubuhi baba yake akamwita nyumbani kwake, akanawa mikono, akafungua sanduku lake la bati. Ndani yake mna Biblia yake, nguo ya harusi ya marehemu mkewe, na mzigo wako. Alikuwa ameuviringisha kwenye nguo ile. Akamwambia Asukile, haya ni maneno yake kama mume wangu alivyonisimulia: "Mwanangu, hii ni amana. Mzee Kalinga wa Iringa ameniamini. Aliandika niitoe kwa mkono wangu mwenyewe, isipite kwa mtu. Sasa mkono wangu kwa mkamwana haufiki, unajua. Na Tusekile ni mtu mwingine. Nikasema nitamngoja mwanangu, wewe ndiwe mkono wangu." Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akiutoa, anaufuta vumbi, anaurudisha. Alidhani ni shanga, au kitambaa, kitu cha kumtunzia mtoto mpaka akue. Unyevu wa hapa haukuugusa hata kidogo, Baba. Ameutunza kuliko macho yake.

Asukile alipofungua mbele yangu na chupa ikatoka, nilipiga kelele. Nilipiga kelele mpaka watu wakatoka mashambani. Yeye alikuwa uani kwake, hatua chache tu, akasikia. Asukile akaenda kumwambia ni nini alichokuwa anakifuta vumbi.

Mwaka mzima, Baba, dawa ya mwanangu ilikuwa ng'ambo ya migomba mitano. Chakula nilichopika kilikuwa kikipelekwa mlango ule kila siku.

Nawe utauliza kwa nini sikuandika kwamba haijafika. Niliapa kuomba mara moja. Ilipofika Krismasi na kimya, nikasema Daktari hakurudi, au Baba amechoka. Barua yako ya Pasaka ikaja na maneno mafupi kama risiti. Nikasema, basi, amenijibu. Na wewe ulikuwa unangoja nishukuru.

Ikupa ana miaka miwili na nusu imepita. Anakaa nikimwegemeza. Leo amekula kidonge cha kwanza, hakukitema.

Salamu kwa mama. Usimwambie.

Paskalina


Iringa
20 Oktoba 1957

Mwanangu, mwanangu,

Barua ya kwanza niliyoandika ilikuwa ya kumtukana mzee yule. Niliandika upande mmoja wote. Nilipofika mahali pa kumwuliza kwa nini hakumtuma Tusekile, kalamu ikasimama, kwa sababu nilimkataza mimi. Nikaitia barua ile kwenye jiko la Daktari, ikachemsha maji ya kahawa yake.

Uliniambia kila kitu mwaka ule. Uliniambia hupokei kitu mkononi mwake. Nilisoma, nikacheka, nikamsimulia Liberatus naye akacheka, kisha nikaandika "kwa mkono wako mwenyewe" kwa herufi kubwa nzuri. Niliona desturi yao ni kichekesho, sikuona kuwa ni ukuta wa kweli unaoweza kumzuia mtu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwangu mimi majuto na mjukuu vimekuja siku moja.

Na ile "mtoto yuko vile vile" niliisoma nikadhani dawa haifanyi kazi. Nilimwuliza Daktari, akasema wengine huchelewa. Ningeandika mstari mmoja tu, "mzigo umefika?" Mstari mmoja, Paskalina! Nina wino, nina karatasi, posta ipo. Kiburi ndicho kilichonizuia.

Daktari amesema endelea na dawa, usikose. Anatuma chupa mbili nyingine kupitia Mwalimu Saulo. Nilimwuliza, atakua? Akasema atakua. Nikamwuliza, na akili? Akasema tuanze na kukua. Mwambie mzee Eliezeri simlaumu. Sijui utamwambiaje, lakini mwambie.

Baba yako,
Joachim


Kiwira
13 Julai 1958

Baba mpendwa,

Kamwene, na shikamoo kwako na kwa mama. Leo nina salamu za kutosha. Goti linaendeleaje katika baridi hii? Huku asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe kwa umande.

Ikupa anatembea! Alisimama wiki ya Pentekoste, akaachia mguu wa meza, akaja mpaka kwenye kanga yangu. Meno yameota. Ulimi umerudi ndani, sasa anaweza kufumba mdomo, na kumbe ana mdomo mzuri wa mama. Ngozi ina joto. Nikimbeba namsikia ana joto kama mkate, nami kwa miaka yote nilikuwa nabeba kitu cha baridi nikijidanganya ni baridi ya milimani. Uzi mpya ni huu. Uutundike karibu na ule wa kwanza uone.

Nilidhani nitaishia hapo, lakini wewe si mtu wa kufichwa tena.

Hasemi. Hata "mama" hasemi. Nikimwita jina hageuki. Si kiziwi, kwa kuwa mvua ikianza kupiga bati huinua uso. Nikimpa kijiko anakishika tu, hajui ni cha nini. Kesho yake namwonyesha tena, na ni kama hajawahi kukiona. Hajui mimi ni nani, Baba. Akichukuliwa na mwanamke mwingine hulala vile vile begani. Benedicta wa kaka anasema nini siku hizi? Usinijibu.

Mwulize Daktari kama maneno yatakuja baadaye, kama meno yalivyokuja.

Na mkwe wangu hakohoi tena. Tangu siku ya chupa, akitaka kwenda kanisani anazunguka chini mtoni, njia ndefu yenye tope, asipite mlangoni kwangu. Ameacha uzee wa kanisa. Chakula ninachopika kinarudi nusu, siku nyingine chote. Asukile amejaribu kusema naye akachoka. Nilimwambia mume wangu ampelekee maneno yako kwamba humlaumu. Alijibu kwamba Mzee Kalinga ni mtu mwema, na hilo ndilo linalomwumiza zaidi.

Mwanao,
Paskalina


Iringa
23 Novemba 1958

Mwanangu Paskalina,

Natumaini u mzima, na Asukile, na Ikupa wetu anayetembea. Mama yako aliubusu uzi mpya kama wanavyobusu msalaba. Sasa umebaki vidole vitatu tu kuufikia wa Benedicta. Goti langu linaendelea kunisumbua.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu jibu nilikuwa nalo. Nilingoja nipate jingine.

Wiki iliyopita Daktari alipata gazeti la madaktari kutoka ng'ambo, akalisoma mezani kwa furaha mpaka akaniita nitoke jikoni. Anasema huko Amerika wamepata jambo kubwa: chini ya ubongo kuna tezi nyingine, ndogo kama punje ya harage, nayo ndiyo inayouamuru mwili kurefuka. Wameichukua kwa watu waliokufa, wakatoa homoni yake, wakamchoma sindano kijana aliyekuwa mfupi, naye akarefuka. Fikiria, marehemu anamrefusha aliye hai. Nilifurahi naye, kwa kweli nilifurahi. Kisha nikauliza, "Bwana, na ya maneno, wameipata? Ya kumfanya mtoto amjue mama yake?"

Akavua miwani. Akaniambia, "Joachim, keti."

Nimempikia mtu yule tangu kabla hajazaliwa mdogo wako aliyefariki, na sijawahi kuketi kwenye meza ile. Nilipoambiwa niketi nikajua. Hakusema mengi. Alisema mifupa imesubiri kama alivyosema, na dawa imeikuta. Kingine hakikuweza kusubiri. Huenda akajifunza vitu vidogo, alisema, kwa mapenzi na kwa kurudia rudia. Akanimiminia chai kwa mkono wake, nikainywa.

Nakuandikia nikiwa na moyo uliovunjika, mwanangu. Ningeweza kumpa Ikupa kichwa changu hiki ambacho kimeshiba miaka na hakina kazi tena, ningemkatia leo.

Baba yako,
Joachim


Kiwira
18 Januari 1959

Baba mpendwa,

Kamwene. Heri ya mwaka mpya kwako na mama. Tumeupokea salama, kwa maana ya kwamba tupo. Ikupa ametimiza miaka minne.

Barua yako niliisoma nikaikunja, sikulia siku ile. Nililia wiki iliyofuata nikimenya ndizi, bila sababu. Nililia sana, Baba, mpaka Tusekile akanipokonya kisu. Sasa nimetulia kidogo na ninakwambia kilichotokea.

Krismasi mkwe wangu hakula kabisa. Siku ya tatu Tusekile akarudi na bakuli limejaa, akasema, "Wifi, huyu tutamzika." Nikalitazama lile bakuli. Nikafikiri, desturi hii imekwisha kunichukulia kichwa cha mwanangu, sasa inataka na mzee. Nikambeba Ikupa kiunoni, nikachukua bakuli, nikavuka ile migomba mitano kwa miguu yangu.

Wanawake waliokuwa kisimani waliniona. Mmoja alipiga ukelele, "Mwe! Paskalina, utakuwa tasa!" Sikugeuka.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka. Aliponiona, yeye ndiye aliyejifunika, Baba. Alivuta blanketi juu ya kichwa akageukia ukutani kama mkamwana mpya. Mabega yalikuwa yanatetemeka. Nilikuwa sijawahi kuona mabega yake, ni madogo, nilimdhania mtu mkubwa kwa kikohozi kile. Nikaweka bakuli chini, nikasema, "Tata, kula." Nikasema tena, "Tata, mimi sikuchukii. Baba yangu hakuchukii. Kula." Akajibu kutoka ndani ya blanketi, kwa sauti ambayo ni mara ya kwanza kuisikia ikinisemesha: "Mwanangu, niliitunza. Haki ya Mungu niliitunza."

Nikamwambia najua.

Basi Ikupa akateremka kiunoni pangu. Yeye hajui ukutila, hajui mkwe wala mjukuu, katika nyumba hii ni yeye peke yake asiyemwogopa mtu. Akaenda mpaka kwenye blanketi, akalivuta. Uso wa mzee ukatoka, umelowa machozi. Wakatazamana. Mzee alikuwa amekabwa na kilio kooni, akajikaza, akakohoa mara mbili, kile kikohozi chake cha zamani ambacho hatukukisikia mwaka mzima na zaidi.

Na Ikupa akamjibu. "Khu, khu."

Nikadhani ni mafua. Mzee akakohoa tena, taratibu. Ikupa akacheka, sijui kama nimewahi kukuandikia kwamba anacheka, hapana, hajawahi. Akasema tena, "Khu, khu." Mzee akala, Baba. Alikula bakuli lote huku machozi yakidondokea ndani, na kila tonge walikoholeana.

Tangu siku hiyo anapita mlangoni kwangu. Sijifichi. Wengine hapa hawanisalimii, na labda kweli nitakuwa tasa, Mungu ndiye anayejua. Lakini mzee akiwa bado mbali, kabla mimi sijasikia lolote, Ikupa huacha anachoshika, hugeukia mlango na kukohoa. Hamkoholei mtu mwingine. Mimi nimejaribu, nimesimama mbele yake nikakohoa mpaka koo likauma, na hunitazama tu. Ni kwa babu yake peke yake. Sina wivu. Ninao kidogo.

Baba, nilisema nitaomba mara moja tu. Nakuomba mara ya pili. Siku ukimwekea Daktari chai, mwulize: kama mtoto ana sauti moja, na sauti hiyo anaitoa kwa mtu mmoja tu, na akiitoa anafurahi, je, huko kwao wanalihesabu hilo kuwa ni neno?

Akisema ndiyo, niandikie siku hiyo hiyo. Akisema hapana, usiandike.

Mwanao,
Paskalina